Mizani ya Mpagazi: Jawabu kwa Wasemao Fizikia Haina Kiswahili

Kuna neno nililotupiwa barazani usiku mmoja baada ya Isha, nalo halijanitoka kooni. Tulikuwa watu watano, kahawa ipo, kashata ipo, na mazungumzo yalikuwa juu ya tafsiri. Nikasema kwamba nimepewa kijitabu cha fizikia nikitie katika Kiswahili, na kwamba kazi hiyo inanipa raha kuliko hadithi zote nilizowahi kuzifasiri. Mshairi mwenzangu, mtu ninayemheshimu kwa vina vyake na kwa umri wake, aliweka kikombe chini akasema: "Bwana wee, utaichosha lugha bure. Fizikia haina Kiswahili, wala Kiswahili hakina haja nayo. Lugha yetu ni ya mapenzi, ya dini na ya mafumbo. Ya mashine waachie wenyewe." Wenzetu wakacheka, nami nikacheka kwa adabu. Kicheko kile nakijutia. Makala haya ndiyo jawabu nililopaswa kulitoa usiku ule.

Niseme mapema mimi ni nani, ili asiyetaka kunisikiliza aniache hapa. Sikusoma sana. Darasa la saba ndiyo iliyokuwa bandari yangu ya mwisho shuleni; yaliyofuata nimeyaokota mwenyewe, kwa kamusi, kwa taa ya chemni, na kwa kuwabughudhi waliosoma. Basi siandiki kama mtaalamu wa fizikia. Naandika kama mtu ambaye kazi yake ni kulipokea neno upande huu na kulifikisha upande wa pili bila ya kulimwaga njiani. Na kwa kazi hiyo nathubutu kusema kwamba mwenzangu alikosea mara mbili: aliikosea fizikia, na alikikosea Kiswahili.

Kijitabu kile kilinikwamisha katika sura ya nyenzo. Palikuwa na mchoro wa watu wawili waliochukua mti mabegani, na mzigo ukining'inia kati yao. Nikalitafuta neno la uchukuzi ule, nikalipata katika kamusi ya zamani: mzegazega. Na mti wenyewe ni mpiko. Maneno haya siku hizi hayasikiki sana mitaani kwetu, lakini katika karne ya 19 yalikuwa ya kila siku katika njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, nchi ambayo mji wake leo tunauita Tabora, na kutoka hapo hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Richard Burton, aliyefika huko mwezi Novemba 1857 baada ya mwendo wa siku 134 kutoka pwani, aliliandika neno hilo kwa tahajia yake katika kitabu chake. Basi neno lililosafiri hivyo halikosi kwao. Nina mpwa wangu aliyeajiriwa Tabora. Nikapanda gari moshi la Reli ya Kati, ile iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nikaenda kulitazama.

Sikungoja sana. Siku ya pili, karibu na soko, niliwaona vijana wawili wamechukua gunia la mkaa kwa mpiko. Hatua chache, kamba ikateleza nyuma. Yule wa nyuma akapiga kelele: "Wee, unanionea! Vuta kwako!" Wakatua, wakairudisha kamba katikati, wakajitwika tena, wakaenda zao. Kando yangu alikuwa amesimama kijana wa sekondari, sare safi, daftari mkononi. Alinipa shikamoo, nami nikamwitikia, tukazungumza. Nikamwuliza kama amesoma nyenzo. Alinitajia kanuni yake kwa Kiingereza, bila ya kukosea hata herufi moja, kama mtoto wa chuoni asomaye sura aliyoihifadhi. Nikamwambia: "Vyema sana, mwanangu. Basi nambie, kwa nini yule wa nyuma alilalamika?" Akatazama walikopotelea, akatabasamu kwa kunionea huruma. "Mzee," akasema, "ile si fizikia. Ule ni mzigo tu."

Ule ni mzigo tu! Naomba wasomaji wanivumilie nikae juu ya maneno hayo, kwani ndani yake mna msiba wote ninaotaka kuueleza. Kijana yule alipokuwa shule ya msingi alifundishwa sayansi kwa Kiswahili. Huko aliambiwa kwamba wenzo una vitu vitatu: egemeo, jitihada na mzigo. Mzigo! Ndilo neno la kitabu, ndilo neno la mtihani, na ndilo neno la njia ya Unyanyembe. Alikuwa nalo. Kisha akaingia sekondari, akavuliwa neno lake mlangoni kama mtu avuliwavyo viatu, akapewa jingine. Hilo jipya akalihifadhi kwa bidii; lakini halikumpeleka kwenye gunia la mkaa, kwa sababu halikutoka huko. Sasa anayo kanuni isiyo na mzigo, na vijana wa mpiko wana mzigo usio na kanuni, na baina yao pana hatua kumi za barabara ya vumbi ambazo hakuna aliyezivuka.

Na kuzivuka si kazi. Tuseme gunia ni kilo 60, na kutoka bega hadi bega ni mita 2. Likikaa katikati, kila mmoja amechukua kilo 30. Likiteleza nusu mita kuelekea nyuma, limebakisha nusu mita kwa wa nyuma na mita moja na nusu kwa wa mbele. Mgao hugeuka kinyume cha masafa: wa nyuma amepata kilo 45, wa mbele kilo 15. Nusu mita tu, na mmoja anachukua mara tatu ya mwenzake. "Unanionea" lilikuwa neno sahihi kabisa, lilikuwa kipimo. Nimelieleza jambo hilo kwa Kiswahili, na sidhani kuwa msomaji ameiona lugha ikitoka jasho.

Sasa nigeukie historia, kwani sisi watu wa visiwani na pwani twapenda kuitaja njia ile kwa majina makubwa tu. Twamtaja Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi Tabora, na ambaye alituachia maisha yake kwa nathari ya Kiswahili, zikiwamo frasila za pembe. Twawataja Burton, Speke, Livingstone na Stanley. Na tembe la Kwihara, walipokaa hao wawili wa mwisho mwaka 1872, limegeuzwa makumbusho. Lakini njia haikutembea kwa majina hayo. Ilitembea kwa mabega, na mabega mengi yalikuwa ya Wanyamwezi, walioufanya upagazi kuwa kazi yenye heshima na ufundi wake. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani karibu kilo 30 na zaidi, mbali na jungu lake, mkeka wake na posho yake.

Mtu hachukui kilo 30 kwa miezi mitatu pasi na kujua mambo. Mpagazi alijua kusokota ngata ya nguo au majani na kuiweka utosini, kwa sababu mzigo uleule ukikalia pembe ya sanduku hutoboa, na ukikalia kiganja kizima cha ngata hustahimilika. Uzito haukupungua hata ratili moja. Kilichoongezeka ni eneo. Watunga istilahi wetu wameliita jambo hilo kanieneo: kani iliyogawanywa kwa eneo. Tazama, msomaji, jinsi neno lilivyo wazi. Halihitaji mwalimu wa kulifungua. Na aliyechukua pembe ya ndovu aliihamisha mbele na nyuma begani hadi alipopata mahali isipoinama upande wowote. Mahali hapo fizikia hupaita kitovu cha uzito. Yeye alipapata kwa nyama ya bega, gizani, kabla ya alfajiri, baragumu likilia.

Na hapa lazima niseme lisilopendeza. Pembe ile ilipofika pwani iliwekwa kwenye mizani, ikapimwa kwa frasila, na kila ratili ikaandikwa. Nyumba ngapi za mawe tunazojivunia zilijengwa kwa hesabu ile! Mizani yetu ilikuwa sahihi kwa pembe. Kwa shingo haikuwa na jiwe la kupimia. Wako waliochukua mizigo kwa ujira na kwa hiari, na wako waliotembea njia ileile minyororo shingoni. Mshairi anayesema kwamba mizigo si kazi ya lugha yetu, anasema bila ya kujua kwamba lugha yetu ilifika Tabora, Ujiji na Manyema juu ya mizigo hiyo. Hakuna mahali ambapo Kiswahili kinapaswa kuwa na haya kidogo zaidi ya kutaja uzito kuliko kwenye njia ile.

Nataka nijihadhari na upande wa pili vilevile. Wako wenzetu ambao ukiwaambia habari hizi hurukia kusema: basi wazee walikuwa wanafizikia, hatuna la kujifunza, kila kitu tulikuwa nacho. Hapana. Huko ni kujibu dharau kwa majivuno. Mpagazi alijua kwamba mzigo ukisogea unaonea. Hakujua kwamba nusu mita ni kilo 15 zaidi, wala kwamba kanuni ileile inatawala mizani ya dukani, mkasi, na winchi ya bandarini. Kujua kwa bega ni kujua kwa kweli, lakini hakuhamishiki. Mwenye bega akifa, huzikwa nalo. Fizikia ni bega lililotiwa maneno na hesabu, ili mtu asiyepata kuchukua pembe aweze kujua alichojua mpagazi, kisha azidi hapo. Ninachodai ni kidogo: kwamba maneno ya kuvukia kutoka bega hadi hesabu tunayo, na kwamba tunawanyima watoto wetu kivuko hicho kwa makusudi.

Msomaji atataka ushahidi juu ya maneno hayo. Ninao. Mwaka 1990, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Ina umri wa kutosha kuwa na wajukuu. Na vitabu vya sayansi vya shule za msingi vya Bara humfundisha mtoto kwamba joto lina njia tatu za kusafiri: mpitisho, msafara na mnururisho. Nilipolisoma neno hilo la pili kwa mara ya kwanza niliweka kalamu chini. Msafara! Aliyelichagua sijui kama aliikumbuka Tabora, lakini hangeweza kupata bora. Katika mpitisho, joto hupita kutoka chembe hadi chembe na chembe zenyewe hazihami, kama bidhaa za zamani zilivyopita kutoka kijiji hadi kijiji, kila mtu akimpokeza jirani yake. Katika msafara, maji yenyewe au hewa yenyewe hujitwika joto na kuondoka nalo, kama mpagazi. Katika mnururisho joto huenda lenyewe, halina mchukuzi, kama lifikavyo kutoka juani.

Na sisi watu wa bahari tutazame juu ya paa zetu. Kaskazi na kusi ni nini? Ni msafara wa joto. Nchi kavu ya Asia huwaka wakati wa kiangazi chao, hewa juu yake hupanda, na hewa ya baharini huvutwa kwenda kuijaza; miezi ikigeuka, pepo hugeuka. Yaani jahazi lililoshusha nguo na ushanga Unguja lilisukumwa na msafara wa hewa, na nguo hizo zikapelekwa Tabora na msafara wa watu. Neno moja limebeba yote mawili. Mshairi gani asiyelitamani fumbo hilo? Nalo halikutungwa na mshairi; limo katika kitabu cha mtoto.

Kwihara niliingia katika tembe. Nje jua lilikuwa kali na upepo mkavu. Ndani palikuwa na ubaridi wa kisima. Kuta za udongo ni nene, na joto la mchana huingia ndani yake polepole kwa mpitisho. Hata likikaribia upande wa ndani, jua limeshatua. Usiku, chini ya mbingu isiyo na mawingu, nchi hulirusha joto lake juu kwa mnururisho, na alfajiri ya mwezi wa saba Tabora humfanya mtu wa Unguja avae shuka mbili. Mwenyeji aliniletea maji ya mtungi. Yalikuwa baridi kuliko ya mtungi wowote wa kwetu, nikadhani ni sifa ya udongo wa Unyamwezi. Sifa ni ya hewa. Mtungi hupoa kwa sababu maji yanayopenya ukuta wake hugeuka mvuke, na kila tone linaloondoka huondoka na joto. Hewa kavu ya Bara huyapokea matone hayo kwa pupa. Hewa yetu ya pwani imeshajaa unyevu, haina nafasi. Mangapi tumeyaandika juu ya mtungi, enyi washairi wenzangu, tukiufananisha na shingo na kiuno cha mwanamke? Kuna aliyewahi kuuliza kwa nini mtungi wetu hutia jasho nasi tukatia jasho pamoja nao?

Lakini jambo lililonikaa zaidi nililipata jikoni. Mke wa mpwa wangu alikuwa amebandika maharage tangu asubuhi. Mimi kwa njaa ya msafiri nikauliza kama mkaa ni mbovu. Akajibu: "Mkaa mzuri, baba. Ila maji ya huku huchemka mapema, lakini hayaivishi." Nikadhani ni msemo. Usiku nikafungua kijitabu changu, nikaona aibu. Tabora iko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyo juu yake ni pungufu kuliko ile iliyo juu ya Malindi ya Unguja, na mgandamizo wake umepungua kwa takriban thumuni. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuisukuma hewa inayoyakandamiza. Hewa ikipungua, ushindi huo huja mapema. Kwetu maji huchemka kwa nyuzi 100. Tabora huchemka kwa nyuzi kama 96, na baada ya hapo hata ukiongeza mkaa wa gunia zima hayapandi, yanazidi kukauka tu. Yamechemka mapema, na kwa kuwa hayana joto la kwetu, hayaivishi upesi. Najua kwamba maharage makongwe nayo ni magumu popote. Lakini mama yule alikuwa ametamka kanuni nzima kwa maneno machache, naye hakujua kuwa ametamka kanuni, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba jikoni kwake pana fizikia.

Na sikilizeni kejeli ya historia. Mwezi Julai 1858 John Speke aliondoka mji huohuo, ukiitwa Kazeh wakati ule, akaelekea kaskazini, na mwanzoni mwa Agosti akaliona lile ziwa kubwa alilolipa jina la malkia wake. Alijuaje kimo chake? Alichemsha maji! Aliweka kipimajoto ndani ya maji yanayochemka, akasoma nyuzi, akahesabu jinsi alivyopanda. Alipata futi 3,740. Leo kimo cha ziwa hilo huhesabiwa kuwa mita 1,134, sawa na futi 3,720 hivi. Kwa Ziwa Tanganyika, kipimajoto chake kibovu kilimpa kiasi cha futi 1,800, ilhali ni zaidi ya futi 2,500. Akapata na akakosa, na vyote viwili viliingia vitabuni, vikajadiliwa London. Jambo lile ambalo mpishi wa Tabora hulilalamikia kila Jumamosi, mgeni alilitia chupani akalipeleka kwao likawa jiografia. Tofauti yao haikuwa akili. Yeye alikuwa na kipimajoto, na alikuwa na lugha iliyomruhusu kuuliza.

Sasa nijibu pingamizi, kwani najua zipo njiani.

La kwanza: kwamba Kiingereza ni lugha ya sayansi ya dunia, na kuwafundisha watoto kwa Kiswahili ni kuwafungia mlango. Mimi ni mfasiri. Kiingereza ni jembe langu, nitakitukanaje? Kifundishwe, na kifundishwe vizuri kuliko sasa. Lakini kufundisha lugha ni jambo moja, na kufundisha kwa lugha isiyoeleweka ni jambo jingine. Kijana wa sokoni hakupata Kiingereza wala hakupata fizikia, alipata kumbukumbu. Jopo lililotoa ripoti yake mwaka 1982, likiongozwa na Jackson Makweta, lilipendekeza kwamba sekondari za Tanzania zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia mwaka 1985. Halikutekelezwa. Na la kustaajabisha ni nani alikuwa Rais wakati huo: Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora, akarudi kufundisha Tabora katika shule ya St. Mary's, na ambaye kwa mkono wake alimtia Shakespeare katika Kiswahili, mwaka 1963 na tena mwaka 1969. Lugha iliyotosha kwa Brutus na kwa Shylock ikaonekana haitoshi kwa egemeo na mzigo. Nasi hapa visiwani tusicheke: Sera yetu ya Elimu ya 2006 iliagiza hesabu na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza tangu madarasa ya juu ya shule ya msingi. Bara walimvua mtoto neno lake mlango wa sekondari. Sisi tukamngojea mlango wa nyuma zaidi, angali mdogo.

La pili: kwamba maneno ya sayansi ya Kiswahili ni ya kubuni, hayajazoeleka. Ni kweli, mengine ni magumu, na mengine yanastahili kutupwa. Lakini neno huzoeleka kwa kutumiwa. Neno lililofungiwa kamusini ni kama jahazi lililopandishwa pwani: linapasuka kwa kukaa kavu, kisha watu husema mbao zake zilikuwa mbovu. Kila tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, twapiga ngoma na twavaa kanga mpya. Kesho yake mtoto anarudi darasani kuambiwa kwamba lugha ile ya sherehe haifai kwa kani na mwendo. Sherehe gani hiyo ya kumsifu mwenyeji na kumfungia jikoni?

La tatu ni la rafiki yangu wa barazani: kwamba fizikia itaukausha ushairi. Kwa hili sitamjibu kwa upole. Sisi tungo zetu tunazipima kwa nini? Kwa mizani! Tumelichukua neno la dukani, la frasila na ratili, tukalifanya kuwa roho ya shairi. Kisha tunakunja pua tukiona mizani yenyewe. Tunahesabu silabi nane na nane ili ubeti usiinamie upande mmoja, na hatujui kwamba tunafanya kazi ya wale vijana wawili wa mkaa. Ushairi haukauki kwa kujua. Unakauka kwa kurudia mwezi, waridi na lulu za watangulizi wetu hali hatujaviangalia kwa macho yetu wenyewe. Watangulizi hao walijua bahari, nyota na pepo kwa undani, na ndiyo maana mafumbo yao yanasimama. Sisi tumerithi mafumbo, tukaacha kutazama.

Basi naomba nini? Naomba mambo matatu. Mwalimu aanze na mzigo ndipo aende kwenye kanuni: awatoe watoto nje, awape mpiko na ndoo, na amwache wa nyuma aseme "unanionea" kabla hajafungua kitabu. Wenye mitihani wamruhusu mtoto ajibu kwa lugha aliyofahamia. Atakayejua kwa Kiswahili atakuja kujua kwa Kiingereza, na asiyejua hatajua kwa lugha yoyote. Na sisi wa kalamu tuyatumie maneno haya, wenzo, egemeo, kanieneo, msuguano, mnururisho, katika makala na tungo zetu, hadi yapate jasho la watu na kulainika. Kwa kuwa sistahili kumtuma mtu nisikotangulia, natoa ubeti wangu mmoja, mbovu au mzuri:

Mzigo ulo begani, una lugha waongea,
Ukisogea pembeni, mwenzio humlemea,
Uweke palo mizani, nyote mupate tembea,
Mizani si ya tungoni, pekee tulozoea.

Kijitabu changu kimekwisha kufasiriwa. Msimamizi wa kazi alinishauri niache istilahi zote kwa Kiingereza "ili watoto wasichanganyikiwe". Nimekataa, na kwa hivyo sijui kama kitatoka. Hilo ndilo lililo mizanini kwangu. Kwa kijana wa Tabora lililo mizanini ni kubwa zaidi, kwa kuwa ana umri wa miaka kumi na saba na ameshaamini kwamba ulimwengu anaouona kwa macho si ule anaopasishiwa mtihani.

Nawe rafiki yangu wa barazani, uliyesema nitaichosha lugha: jarida hili li wazi kwako kama lilivyo wazi kwangu. Andika. Lakini kabla hujaandika, njoo siku moja tuchukue gunia kwa mpiko, mimi na wewe, kutoka Darajani hadi Mkunazini. Nitakupa nafasi ya nyuma. Kamba ikiteleza, useme utakalosema, kisha uniambie kama ulilisema kwa lugha gani, na kama lilikuwa kweli au si kweli.